Doa kwenye karatasi: kisa cha shaba, ubongo na mgonjwa wa Boston

Mweke mgonjwa wa Wilson, ugonjwa wa kurithi unaorundika shaba mwilini, mbele ya darubini ya daktari wa macho, ile yenye mwale mwembamba wa taa, umwambie atazame mbele asipepese. Pembezoni mwa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, utaona utepe wa kahawia iliyochanganyika na kijani, mara nyingine rangi ya dhahabu iliyofifia. Huanza juu, kisha ukajitokeza chini, halafu ncha zikakutana na kuwa pete kamili. Kwenye macho meusi kama yetu hauonekani kirahisi bila hiyo darubini, na ndiyo maana mtu anaweza kupita mikononi mwa madaktari watano pete ikiwa jichoni mwake mchana kweupe.

Ile pete ni shaba. Imetua kwenye utando wa nyuma ya konea na haimzuii mtu kuona. Umuhimu wake ni habari inayoileta: ndani ya fuvu, shaba hiyohiyo imeshatua pasipo pake.

Kisa ninachokifungua hapa ni cha mwaka 1955, katika hospitali ya jiji la Boston, Marekani. Ndipo mgonjwa wa ugonjwa huu alipopewa kwa mara ya kwanza dawa ya kumeza ya kutoa shaba mwilini. Maswali mengi yanayobishaniwa leo kuhusu shaba na ubongo, yawe ya Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), Parkinson (wa kutetemeka) au Menkes (wa watoto, tutaufikia), ukiyafuata nyuma unafika kwenye kitanda kile.

Ugonjwa kabla ya dawa

Samuel Alexander Kinnier Wilson alizaliwa Marekani, akasomea udaktari Edinburgh, akafanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya neva ya Queen Square, London. Mwaka 1912 alichapisha makala ya zaidi ya kurasa 200 kuhusu vijana waliokuwa wakitetemeka, wakikakamaa, wakishindwa kusema na kumeza, mpaka wakafa. Mara nyingi ndugu wawili wa tumbo moja waliugua kwa mfuatano. Alipofungua maiti alikuta mambo mawili. Ndani kabisa ya ubongo, kwenye kiini kinachosaidia kuratibu mwendo wa viungo, nyama ilikuwa imelainika, pengine imebaki shimo. Na ini, ambalo marehemu hakuwahi kulilalamikia, lilikuwa limejaa makovu na vinundu kama la mlevi wa miaka mingi.

Wilson alikisia kwamba ini linatoa sumu fulani inayosafiri hadi kwenye ubongo. Hakukosea sana, ila jina la sumu hiyo hakulijua. Wala hakuziona pete za machoni, ingawa daktari wa macho Kayser alishazieleza mwaka 1902 na mwenzake Fleischer mwaka 1903, kila mmoja akidhani anaangalia ugonjwa mwingine. Ilipofika 1948, Cumings wa London alipima maini na bongo za marehemu wa ugonjwa huu, akakuta shaba imejaa kotekote. Hapo sumu ikapata jina.

Nadhani inafaa tukae kidogo na dalili zenyewe, maana huku kwetu zinapotelea njiani. Kijana aliyekuwa anaandika vizuri anaanza kuandika herufi zinazobanana na kuyumba. Udenda unamtoka bila yeye kujua. Akikunja viwiko na kuinua mikono usawa wa mabega, mikono inapigapiga kama mbawa za kuku anayetaka kuruka. Uso unaganda kwenye tabasamu ambalo halina furaha ndani yake. Kwa wengine yote haya yanatanguliwa na hasira za ghafla, kujitenga, kufeli shule, hata kusikia sauti. Nyumbani wataambizana kachezewa. Hospitali nako atapewa dawa za wagonjwa wa akili, na baadhi ya dawa hizo huongeza kukakamaa, kisha familia ikaona ugonjwa ndio unazidi.

Alichokuwa nacho Denny-Brown

Mgonjwa wetu alikuwa wa Derek Denny-Brown, bingwa wa neva aliyetoka New Zealand na kuongoza kitengo cha neva hapo Boston. Mwaka 1951 Denny-Brown na mwenzake walishaonyesha kwamba dawa iitwayo BAL inaweza kuwapa wagonjwa wa Wilson nafuu. BAL ilitengenezwa Oxford wakati wa vita vya pili vya dunia kuwakinga askari dhidi ya gesi yenye aseniki. Ina salfa, na salfa hung'ang'ania metali: ikiikamata aseniki, itaikamata na shaba pia.

Tatizo la BAL lilikuwa sindano. Dawa huchanganywa kwenye mafuta ya karanga, inanuka, inadungwa ndani kabisa ya msuli na inauma. Mtu mwenye misuli iliyokakamaa adungwe tako hili leo, lile kesho, na jipu likitunga asubiri lipone ndipo aendelee. Kuna kikomo cha mateso ya namna hiyo, na ugonjwa huu ni wa maisha. Kufikia 1955 dawa ilijulikana inafanya kazi, ila hakuna aliyeweza kuishi nayo.

Hapo ndipo anapoingia John Walshe, daktari kijana kutoka Uingereza aliyekuja Boston kwa mwaka mmoja kusomea ini katika maabara ya Charles Davidson. Kitambo kabla ya hapo, London, Walshe alikuwa akipima mkojo wa wagonjwa wa ini kwa njia ya karatasi. Unadondosha tone la mkojo kwenye karatasi ya kuchujia, unaacha kimiminika kipande taratibu na kuzitawanya asidi amino, yale matofali ya kujengea protini, kisha unanyunyiza kemikali ya kuzipa rangi. Kila asidi amino ina kituo chake. Kwenye karatasi za baadhi ya wagonjwa lilijitokeza doa ambalo halikuwa na mwenyewe. Walshe alilifuatilia mpaka akalitambua: ni penisilamini, kipande cha penisilini kinachobaki mwili ukishaivunja. Wagonjwa hao walikuwa wametibiwa kwa penisilini.

Watu wengi wangeishia hapo. Doa limepata jina, faili lifungwe. Lakini Walshe aliondoka na umbo la molekuli ile kichwani. Penisilamini ni sisteini, asidi amino ya kawaida kabisa, iliyoongezewa vikundi viwili vya methili. Vikundi hivyo vinaifanya isivunjwe ovyo na mwili, kwa hiyo inapita mzimamzima hadi kwenye mkojo. Na salfa yake ipo wazi, tayari kushika metali.

Davidson alipoitwa kumwangalia mgonjwa wa Denny-Brown, Walshe alikwenda naye. Wakati wanarudi maabara akamwambia kwamba kama shida ni kuitoa shaba, penisilamini ingeweza kuifanya kazi hiyo kwa kumezwa tu. Swali likawa itapatikana wapi. Ng'ambo ya mto, katika chuo cha MIT, John Sheehan alikuwa kwenye mbio za kuunda penisilini maabara, kazi aliyoikamilisha mwaka 1957, na penisilamini alikuwa nayo. Walshe akapata kiasi kidogo. Kabla ya kumpa mgonjwa alimeza mwenyewe, akasubiri. Alipoona bado mzima, mgonjwa akapewa. (Leo ukifanya hivyo kamati ya maadili itakuita kabla dozi haijashuka tumboni.)

Kipimo kilikuwa mkojo wa saa 24, ule unaokusanywa kwenye chupa kubwa. Mtu mzima wa afya hutoa chini ya mikrogramu 50 za shaba kwa siku. Mgonjwa wa Wilson, kwa kuwa shaba imemfurika, kwa kawaida hupita 100. Akianza penisilamini anaweza kuvuka 1,000. Shaba ya mgonjwa wa Boston ilipanda namna hiyo, bila sindano. Mwanzoni mwa 1956 habari ilikuwa imechapishwa kwenye jarida la Lancet.

Kilichofichuliwa na ule mkojo

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama ushindi wa dawa. Ni kweli, lakini mimi naona uzito wake uko kwingine. Vijana waliokuwa hawasemi walipata kusema tena baada ya miezi ya kumeza penisilamini. Waliokuwa wanalishwa walishika kijiko. Maana yake, sehemu ya uharibifu ambao Wilson aliuona kuwa wa kudumu ulikuwa ni seli hai zilizozidiwa. Ugonjwa wa ubongo unaoua ulirudishwa nyuma kwa kuhamisha metali tu, na magonjwa ya kuharibika kwa ubongo ambayo unaweza kusema hivyo juu yake ni machache mno.

Sasa kwa nini shaba iuchague ubongo? Tuanzie tumboni. Kwa siku tunakula miligramu moja au mbili za shaba: kwenye maini, njugu, kunde, dagaa. Mwili mzima wa mtu mzima una kama miligramu 100 hivi. Shaba iliyofyonzwa hupelekwa kwenye ini, na ini lina pampu ya protini iitwayo ATP7B, ambayo jeni yake iligunduliwa mwaka 1993 kwenye kromosomu ya 13. Pampu hii ina kazi mbili: kuipakia shaba kwenye protini iitwayo seruloplazimini ili isafiri salama kwenye damu, na kuitupa ya ziada kwenye nyongo itoke na choo. Mgonjwa wa Wilson amerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, pampu haifanyi kazi, shaba inarundikana kwenye ini mpaka ini linavuja. Inayovuja haina mbebaji wake. Inazurura kwenye damu imejishikiza kwa ulegevu kwenye albumini, protini ya kawaida ya damu, na inafika kokote: konea, figo, ubongo.

(Kwa wasomaji wa Lubumbashi, mliokulia kwenye mkoa ambao Mobutu aliuita Shaba kuanzia 1971 hadi 1997: ugonjwa huu hauletwi na mgodi, wala sufuria. Anayeuugua angeugua hata kama angezaliwa kisiwani asikowahi kuona kipande cha shaba.)

Ndani ya seli ya ubongo yenyewe shaba ni kitu cha lazima. Kimeng'enya cha mwisho katika kuzalisha nishati ndani ya mitokondria hakifanyi kazi bila shaba. Kinachogeuza dopamini kuwa noradrenalini, kemikali ambazo seli za ubongo hupashana nazo habari, nacho vilevile. SOD1, protini inayozima kemikali zenye kuunguza, ina shaba kiini chake. Na sababu ya shaba kufaa kwenye kazi hizo zote ndiyo sababu ya kuwa hatari: hutoa na kupokea elektroni kwa wepesi sana. Ikiwa imeshikwa na protini, kwa wepesi huo inafanya kazi. Ikiachwa huru, inachoma mafuta ya utando wa seli na chochote kilicho karibu.

Kwa hiyo seli haiiachi itembee peke yake. Ni kama mwari wa pwani, hatoki bila somo wake. Ikishaingia kwenye seli kupitia mlango uitwao CTR1, hupokelewa na protini wasindikizaji: ATOX1 huipeleka kwenye pampu, CCS huifikisha kwa SOD1, COX17 huielekeza mitokondria. Mwaka 1999 watafiti waliochunguza hamira walikadiria kwamba ndani ya seli moja shaba iliyo huru kabisa haifiki hata atomu moja. Hebu fikiria: metali ambayo seli haiwezi kuishi bila yake, na seli hairuhusu hata chembe moja iwe bila mlinzi.

Kwenye ubongo, mzigo wa kwanza huangukia astrosaiti, zile seli zenye umbo la nyota zinazozilea neuroni, yaani seli za neva. Hizo huimeza shaba iliyozidi na kuifungia kwenye protini yenye salfa nyingi, metalothioneini. Kwa muda mrefu zinavumilia, ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na kasoro hii mara nyingi huanza kutetemeka akiwa ameshakuwa kijana. Zikishindwa zinavimba, ulezi unakatika, neuroni zinabaki bila mlinzi.

Hapa ndipo kisa cha Boston kina upande ambao simulizi nyingi huuruka. Penisilamini ilipoenea, ilionekana kwamba baadhi ya wagonjwa wenye dalili za ubongo huzidiwa wiki za mwanzo wa dawa. Mtu anaingia hospitali akitembea, baada ya mwezi anabebwa. Katika kundi la wagonjwa lililoelezwa na George Brewer wa Michigan mwaka 1987, karibu nusu walizidiwa hivyo, na kati yao nusu hawakurudia hali waliyoanza nayo. Viwango kwingine vilikuwa vya chini, lakini jambo lenyewe hakuna anayelikana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: dawa inapoisomba shaba kutoka kwenye ini kwa kasi, sehemu yake huingia kwenye damu kabla figo hazijaitoa, na ubongo unapata wimbi jipya. Jumla ya shaba mwilini inashuka, huku iliyo huru mahali pabaya ikipanda. Ndiyo maana siku hizi dozi huanzishwa kidogokidogo. Anayesoma majibu ya mkojo peke yake angeshangilia wakati mgonjwa wake anazama.

Hilo ndilo funzo ninalolishikilia katika kisa hiki: usiulize shaba ni kiasi gani, uliza iko wapi na nani kaishika.

Upande wa pili wa mizani

Mwaka 1962, miaka michache tu baada ya Boston, John Menkes wa New York alieleza watoto wa kiume wa familia moja waliozaliwa vizuri, kisha wakaanza degedege, wakalegea, wakafa wadogo. Nywele zao zilikuwa fupi, zimekakamaa na kujisokota, hazina rangi. Jibu lilitoka Australia miaka kumi baadaye. David Danks wa Melbourne alizitazama nywele hizo akakumbuka sufu ya kondoo wanaolishwa kwenye malisho yasiyo na shaba; wafugaji wa kule walikuwa wanajua kwa miongo mingi kwamba kondoo wa aina hiyo huzaa wana wanaoyumba miguu ya nyuma. Akapima, na watoto walikuwa na uhaba wa shaba. Pampu yao iliyoharibika ni ATP7A, ndugu wa ile ya Wilson. Shaba inaingia kwenye ukuta wa utumbo na kukwama humo, haivuki kwenda kwenye damu, haifiki kwenye ubongo. Pampu mbili zinazofanana, kasoro moja inaujaza ubongo, nyingine inaukausha, na bongo zote mbili zinaharibika.

Hata mtu mzima asiye na kasoro yoyote anaweza kuangukia upande huu. Madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa waliopoteza hisia za miguu na kuyumba wakitembea. Wengine walikuwa wakitumia gundi ya meno bandia yenye zinki kwa wingi, kila siku, miaka mingi. Zinki huuamsha ukuta wa utumbo utengeneze metalothioneini, hiyo huinasa shaba, na seli za utumbo zinapochubuka shaba inatoka nazo chooni. Njia hiyohiyo ndiyo tiba ya Wilson iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Ni zinki ileile ya vidonge vya miligramu 20 vinavyotolewa kwa watoto wa kuhara katika zahanati zetu, ila mgonjwa wa Wilson humeza miligramu 150 kwa siku, kwa mafungu matatu, tumbo likiwa tupu, maisha yake yote, na mkojo wake hupimwa ili asivushwe kutoka kujaa hadi kukauka.

Na Alzheimer? Mabonge ya protini iitwayo amiloidi kwenye bongo za wagonjwa hao yamekutwa na shaba nyingi, huku nyama ya ubongo inayoyazunguka ikiwa na pungufu. Utaona mtego. Waliosoma habari ya mabonge walitaka kuitoa shaba, wakajaribu penisilamini kwa wagonjwa wachache, akili haikurudi. Waliosoma habari ya upungufu walitaka kuiongeza, wakatoa miligramu 8 kwa siku kwa mwaka mzima. Akili haikurudi vilevile. Kwa maoni yangu makosa ni ya swali: shaba haikuwa nyingi wala chache, ilikuwa imehama. Dawa ya kuirudisha kwa wasindikizaji wake bado haijaingia duka la dawa lolote.

Walshe alirudi Uingereza na kuendelea na wagonjwa hawa Cambridge kwa miongo kadhaa. Mwaka 1969 alieleza mgonjwa ambaye penisilamini ilimharibu figo, hawezi kuendelea nayo, na bila dawa atakufa. Akamtengenezea nyingine, trientini, inayotumika mpaka leo. Walshe mwenyewe alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 102.

Mwaka 1968, Sternlieb na Scheinberg wa New York walichapisha matokeo ya kuwapima ndugu wa wagonjwa. Wazazi wakiwa wamebeba kasoro wote wawili, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuirithi kamili, na pale ambapo mabinamu huoana, jambo ambalo pwani yetu na Omani si geni, uwezekano wa wazazi wote kuibeba unaongezeka. Ndugu waliokutwa nayo walianzishwa dawa kabla ya dalili, nao hawakuugua. Kwa hiyo siku pete inapoonekana kwenye jicho la kijana mmoja, kaka na dada zake nao wanaitwa. Anakuja binti wa miaka kumi na mbili, anacheza mpira, anaandika vizuri, hana kinachomuuma. Anakabidhiwa chupa kubwa ya plastiki akusanye mkojo wa siku nzima, na mama yake anauliza mara mbili kama kweli huyu naye anahitaji.